Je, Wajua? Mgomo, Ukungu na Safari ya Kurudi Eldoret

Je, wajua kuwa anayetoka Nairobi kwenda Eldoret kwa barabara huanza safari kusini mwa dunia na kuimaliza kaskazini? Nairobi iko kusini mwa ikweta. Eldoret iko kaskazini yake, kwa nusu digrii tu. Mstari wenyewe unauvuka kabla ya kufika Timboroa, na pana kibao kando ya barabara kwa anayetaka kupigwa picha. Kwa hesabu ya kalenda, basi, Desemba ni majira ya baridi Eldoret kama ilivyo London. Lakini jua halijali sana kalenda hiyo: tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mjini humu ni dakika chache mno, hata hakuna anayeitambua. Baridi ya Eldoret ni ya mwinuko. Mji umekaa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari.

Wajua baridi hiyo huuma lini? Mchana, ni Julai na Agosti, wakati mvua haikatiki na mahindi yamesimama mashambani. Usiku, ni Desemba na Januari, mbingu zikiwa wazi na joto la ardhi likipaa lote. Masika na vuli za watu wa pwani hazikai sawa huku. Mvua za Uasin Gishu huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba kama msimu mmoja mrefu. Kwa hiyo anayerudi nyumbani Krismasi huikuta nchi kavu, upepo mkali, magunia ya mahindi na malori. Anayerudi likizo ya Aprili au ya Agosti hukuta matope.

Yako mambo mawili yanayomkwamisha msafiri wa Eldoret kila mwaka: hali ya hewa na mgomo. Watu huyazungumza kana kwamba yote mawili ni ajali, yameanguka tu kutoka juu. Sivyo. Mvua ina msimu na ukungu una mahali pake na saa zake. Mgomo nao una ilani, tena ilani ya kisheria. Safu ya leo ni ya kumpa msafiri hayo ayajue kabla hajafunga begi.

Je, wajua kuwa reli inayopita Timboroa iliwahi kuwa na sehemu ya juu kuliko reli nyingine yoyote katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza? Kilele chake kimepimwa futi 9,136, yaani mita 2,785. Barabara kuu nayo inapanda kilima hichohicho. Hapo ndipo penye ukungu ambao madereva wa Eldoret wanaujua kama wanavyoujua mlango wa nyumba zao. Hewa yenye unyevu inayopanda kutoka upande wa Ziwa Victoria hupoa kadiri inavyopanda, mvuke ukageuka matone, na kile ambacho mtu wa Kisumu angekitazama juu akakiita wingu, mtu wa Timboroa anakuwa ndani yake. Alfajiri ni mbaya zaidi. Kati ya Mau Summit na Burnt Forest unaweza kutoka kwenye jua safi, ukaingia mahali ambapo taa za lori lililo mbele hazionekani mpaka ulikaribie.

Taa kubwa hazisaidii ndani ya ukungu. Mwanga hugonga matone na kumrudia dereva machoni. Taa za chini, mwendo mdogo, na umbali mkubwa kati yako na aliye mbele: hakuna ujanja mwingine.

Je, wajua kwa nini ndege ya asubuhi ya Eldoret ni salama zaidi kwa mwenye haraka, msimu wa mvua? Magharibi mwa Kenya, mvua ya radi hupenda kunyesha alasiri na jioni. Jua hupasha nchi kavu, upepo kutoka ziwani hupanda kukutana na pepo za nyanda za juu, na kufikia saa tisa au saa kumi mawingu yamesimama wima kama minara. Rubani hukwepa mawingu hayo, au husubiri. Ukungu wa alfajiri ukishaondoka, saa nne au saa tano asubuhi ndio wakati wa utulivu.

Mvua ya mawe, je? Wajua kuwa jirani zetu wa Kericho wanatajwa katika rekodi za hali ya hewa za dunia kwa siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja? Nandi Hills nao hupata sehemu yao, na wakulima wa chai wanaijua hasara yake. Septemba 2008, karibu na Nyahururu, mawe yalianguka kwa wingi hata yakagandamana, mlima ukawa mweupe, na watu wakatoka kwenda kucheza wakidhani ni theluji. Ilikuwa mvua ya mawe. Theluji ya Kenya iko Mlima Kenya.

Je, wajua safari ya Nakuru hadi nyanda hizi ilichukua muda gani mwaka 1908? Msafara wa Makaburu waliotoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, ulitumia zaidi ya miezi miwili kuvuka msitu wa Timboroa na matope yake kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, mpaka ukafika Sergoit mwezi Oktoba. Leo ni mwendo wa kilomita 155 kati ya Nakuru na Eldoret. Nchi waliyofikia haikuwa tupu kwa bahati. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya karne iliyotangulia, na Wanandi walikuwa wamepigwa na jeshi la Waingereza na kusukumwa nyuma, baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Reli ilifika Eldoret 1924. Miaka mia moja baadaye, tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret ikatawazwa kuwa jiji, la tano nchini Kenya.

Tugeukie mgomo.

Je, wajua kuwa kugoma ni haki iliyoandikwa kwenye Katiba ya Kenya? Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya mshahara wa haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama, na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 inaongeza sharti ambalo kila msafiri angefaa alikariri: chama lazima kitoe ilani ya siku saba, kwa maandishi, kwa mwajiri na kwa waziri. Siku saba! Ilani ya mgomo wa uwanja wa ndege au wa hospitali hutangazwa redioni na magazetini wiki nzima kabla. Mwenye tiketi ya Ijumaa aliyesikia ilani Jumamosi iliyotangulia ana muda wa kupanga. Wengi wetu hatusikii kwa sababu tunadhani maneno yale ni ya wafanyakazi na serikali yao, hayatuhusu.

Sheria hiyohiyo ina orodha ya huduma muhimu ambazo mizozo yake hupaswa kupelekwa mahakamani badala ya mgomo: maji, hospitali, uongozaji wa ndege angani na mawasiliano yake, wazima moto wa mashirika ya umma, posta na serikali za mitaa, na feri. Ni orodha fupi, na kila aliyewahi kusafiri na mgonjwa anajua uzito wake. Lakini orodha peke yake haijawahi kuzuia mgomo pale ambapo mkataba uliotiwa sahihi umekaa miaka bila kutekelezwa.

Je, wajua kuwa wazima moto wanaweza kuzuia ndege kupaa bila kugusa ndege yoyote? Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hupanga viwanja kwa madaraja, la kwanza hadi la kumi, kulingana na uwezo wa kikosi cha zimamoto na uokoaji. Ndege kubwa hudai daraja kubwa. Kikosi kikipungua, daraja linashuka, na ndege iliyokuwa na ruhusa jana leo haina. Ndiyo maana mgomo wa wafanyakazi wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege huumiza abiria hata kama marubani wote wako kazini na waongozaji wa ndege wako kwenye mnara.

Nairobi imeliona hilo mara mbili waziwazi. Tarehe 6 Machi 2019 wafanyakazi wa Uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma wakipinga mpango wa Kenya Airways kuchukua uendeshaji wa uwanja huo. Polisi walirusha mabomu ya machozi na wanajeshi wakaletwa kufanya kazi za ukaguzi. Tarehe 11 Septemba 2024 wakagoma tena, safari hii wakipinga mpango wa kampuni ya Adani ya India kukodishiwa uwanja kwa miaka 30. Abiria walikesha nje na mabegi yao. Makubaliano yalifikiwa siku ileile, na tarehe 21 Novemba 2024 Rais William Ruto alitangaza kuufuta mpango huo. Kati ya migomo hiyo miwili ukaja wa marubani wa Kenya Airways, ulioanza tarehe 5 Novemba 2022 na kwisha siku chache baadaye kwa amri ya mahakama. Wa Eldoret hukumbwa hata kama ndege yao ndogo inaruka, kwa sababu wengi wao huunganisha safari Nairobi.

Je, wajua kuwa mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947 una mwisho wake katika nchi ya Bonde la Ufa? Wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli na kwingineko waliweka chini zana kwa karibu wiki mbili. Chege Kibachia, aliyekuja kuwa kiongozi wa shirikisho lao, alikamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa Kabarnet, Baringo, akazuiliwa huko miaka kumi. Kabarnet! Ukitoka Eldoret ukapita Iten, ukateremka Bonde la Kerio na kupanda upande wa pili, unafika. Mtu aliyepigania mshahara wa makuli wa pwani alinyimwa safari ya kurudi kwao kwa muongo mzima. Nataka jina lake likumbukwe kila tunapoulalamikia mgomo, kwa maana haki tunayoisoma leo katika Kifungu cha 41 ililipiwa na watu wa aina yake.

Sasa hili lifuatalo ndilo lililonifanya niandike safu hii. Je, wajua ni lini mgomo na mvua vilikutana kwa ukali kuliko wakati wowote wa karibuni? Ni Aprili na Mei 2024.

Madaktari wa hospitali za umma waliacha kazi tarehe 14 Machi 2024. Kiini cha mzozo kilikuwa madaktari wanagenzi, vijana waliomaliza shahada na wanaofanya mwaka wa mazoezi hospitalini. Mkataba wa 2017 ulikuwa umeweka malipo yao karibu shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema itawalipa 70,000. Matabibu nao wakaingia kwenye mgomo Aprili. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, hupokea wagonjwa wa magharibi yote ya Kenya na hata wa mashariki mwa Uganda. Mgomo ukiigusa, mgonjwa wa Turkana, wa Bungoma na wa Nandi wote hukosa mahali pa kwenda. Ulidumu siku 56, hadi tarehe 8 Mei.

Wakati huohuo mvua. Machi hadi Mei mwaka huo iliua zaidi ya watu 200 nchini. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29 Aprili. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wizara ya Elimu ikaahirisha kwa wiki moja, wakati masanduku ya watoto wengi yamekwisha kufungwa na wengine nauli zimelipwa. Alfajiri hiyohiyo, Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kushuka kijijini na barabarani. Watu zaidi ya 50 walikufa. Barabara hiyo ya Mai Mahiu, iliyochongwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walioacha pia kanisa lao dogo la 1942 pale bondeni, ndiyo inayopitiwa na malori mengi ya Eldoret na Uganda. Tarehe 3 Mei ufunguzi wa shule ukaahirishwa tena, safari hii bila tarehe. Mwishowe zilifunguliwa tarehe 13 Mei.

Fikiria hesabu ya mzazi mmoja wa Eldoret aliyekuwa na mtoto wa bweni kusini mwa Nakuru katika wiki hizo mbili. Tiketi imekatwa, shule haifunguliwi, barabara ina maji, na mtoto akipata homa daktari wa hospitali ya umma hayupo. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa siri. Ilani ya madaktari ilitolewa. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mvua za juu ya kawaida. Kilichokosekana ni uamuzi wa mapema, na uamuzi ule wa usiku wa manane ndio uliowatesa wazazi kuliko mvua yenyewe. Shule ikitangazwa kuahirishwa siku tano kabla, nauli inarudi. Ikitangazwa usiku wa safari, nauli imeliwa.

Je, wajua kuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Eldoret nao husafirishwa na migomo? Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984 pale Kesses, kilifungwa Oktoba 2024 baada ya wahadhiri kugoma, na maelfu ya vijana wakaambiwa wabebe virago. Mwaka uliofuata wahadhiri wa vyuo vya umma nchini kote walianza mgomo tarehe 17 Septemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Mgomo uliisha tarehe 5 Novemba 2025. Siku arobaini na tisa. Mwanafunzi wa Garissa au wa Kwale hulipa nauli ya kwenda kwao kwa sababu ya mgomo, kisha hulipa tena kurudi mgomo ukiisha, na hakuna mkopo wa elimu unaohesabu safari hizo mbili.

Mgomo huo ukiwa bado haujaisha, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, mlima uliporomoka Chesongoch, upande wa Marakwet. Zaidi ya watu 20 walikufa, nyumba na mashamba vikafunikwa, barabara zikakatika, na majeruhi wakasafirishwa kwa helikopta hadi Eldoret. Chesongoch iliwahi kuporomoka pia 2010 na 2012. Kutoka ukingo wa Iten, mita 2,400, hadi sakafu ya Bonde la Kerio, ardhi inashuka zaidi ya kilomita moja kwa wima, na mvua ya Oktoba na Novemba inapoulowesha ukuta huo miti ikiwa imekatwa, udongo hauna cha kuushika. Miaka sita kabla, Novemba 2019, maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 50, yakasomba madaraja na kukata barabara ya Kitale kwenda Lodwar. Msafiri wa Turkana aliyefika Eldoret salama alikwama kwenye barabara hiyo.

Je, wajua kwa nini mabasi ya usiku yalipotea barabarani mwanzoni mwa 2018? Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, mahali paitwapo Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori viligongana uso kwa uso, watu 36 wakafa. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani ilipiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu. Watu walikuwa njiani tayari kwenda na kutoka sherehe za mwaka mpya. Marufuku yalikuja kuondolewa miezi michache baadaye. Karibu na hapo, Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka, na zaidi ya mia moja wakateketea. Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliparamia wachuuzi na magari stendini, watu 52 wakafa. Chora maeneo hayo kwenye ramani, utaona yamesongamana kwenye kipande kifupi cha barabara, cha kupanda na kushuka, penye mvua nyingi na ukungu.

Kwa haraka: Wajua kuwa njia ya kurukia ndege ya Eldoret ina urefu wa kilomita 3.5, zaidi ya ile ya Mombasa? Hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo ndege hukimbia zaidi kabla ya kupaa. Wajua kuwa moto ulipounguza jengo la abiria la Jomo Kenyatta tarehe 7 Agosti 2013, ndege zilielekezwa Mombasa, Kisumu na Eldoret? Wajua kuwa malori ya Uganda siku hizi hayalazimiki kuingia katikati ya jiji, kwa sababu ya barabara ya kukwepa ya kilomita 32 kutoka Cheptiret hadi Leseru? Na wajua kuwa treni ya abiria ya Nairobi kwenda Kisumu ilirejeshwa Desemba 2021, ilhali njia ya Timboroa na Eldoret bado ni ya mizigo?

Sasa kwa walio mbali. Je, wajua kuwa Desemba 2022, Mkenya wa Uingereza aliyetaka kuja kula sikukuu Eldoret alipitia migomo mitatu na theluji juu yake? Theluji ya usiku wa tarehe 11 Desemba ilifunga kwa muda njia za ndege za Gatwick na Stansted. Wafanyakazi wa reli waligoma katikati ya mwezi. Wauguzi wakagoma tarehe 15 na 20, mgomo wa kwanza wa chama chao wa kiwango hicho tangu kilipoanzishwa zaidi ya karne moja iliyopita. Miongoni mwao wamo Wakenya, kwa kuwa Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya Julai 2021. Kisha maafisa wa mpakani wakagoma kuanzia tarehe 23, katika viwanja sita vikiwemo Heathrow, Gatwick na Manchester, na wanajeshi wakakaa kwenye madawati ya pasipoti. Hapa pana jambo la kujua: Uingereza hukagua pasipoti mtu anapoingia, si anapotoka. Mgomo ule haukumgusa sana anayeondoka. Ulimngoja anayerudi.

Finland nako, ambako vijana wengi wa Uasin Gishu walipelekwa kusoma kwa mpango wa kaunti ulioanza 2021, mpango uliogeuka kilio kwa wazazi waliolipa na watoto wao wasisafiri, tarehe 1 na 2 Februari 2024 shirika la Finnair lilifuta safari karibu 550 kwa sababu ya migomo ya kupinga sera za serikali. Ni katikati ya majira ya baridi, na nje kumejaa theluji. Munich nayo ilikuwa imefungwa na theluji tarehe 2 Desemba 2023, na siku chache tu baadaye madereva wa treni wa Ujerumani wakagoma.

Je, wajua haki yako ukikwama huko? Hili lishike vizuri, kwa sababu pesa nyingi za Wakenya huachwa mezani. Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 ya Muungano wa Ulaya humlinda kila abiria anayeondoka kwenye kiwanja cha Ulaya, awe na pasipoti ya nchi yoyote, ndege iwe ya shirika lolote, Kenya Airways ikiwemo. Safari ya Nairobi inazidi kilomita 3,500, na fidia yake yaweza kufika euro 600 iwapo imefutwa bila taarifa ya kutosha au umefika umechelewa sana. Uingereza ilibaki na kanuni kama hiyo baada ya kujiondoa Ulaya, na kiasi chake ni hadi pauni 520. Theluji huhesabiwa kuwa sababu isiyozuilika, kwa hiyo haina fidia. Mgomo wa waongozaji wa ndege vilevile. Lakini mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe wa kudai mishahara si kisingizio: Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua hivyo Machi 2021, katika kesi iliyotokana na mgomo wa marubani wa SAS. Na hata pasipo fidia, shirika linadaiwa chakula, mahali pa kulala, na safari nyingine au kurudishiwa nauli. Weka pasi ya kuabiri na risiti za chakula. Ukitoka Nairobi kwenda huko kwa ndege ya shirika la Ulaya, kanuni inakufuata. Ukipanda ndege ya shirika lisilo la Ulaya kutoka Nairobi, haikufuati.

Wakimbiaji wetu wana kisa chao. Aprili 2010, mlima wa volkano wa Eyjafjallajökull kule Iceland uliporusha majivu na kufunga anga ya Ulaya, waandaaji wa mbio za London walilazimika kukodi ndege maalumu ya kuwachukua wanariadha wa Afrika Mashariki kwa njia ya mzunguko, wafike kabla ya tarehe 25. Maua ya Kenya, ambayo hayana wa kuyakodia ndege, yaliozea Nairobi.

La mwisho, na ni la nyumbani. Je, wajua kuwa upanuzi wa barabara kuu uliozinduliwa tarehe 28 Novemba 2025 unaanzia Rironi na kuishia Mau Summit? Msafiri wa Eldoret atapata njia za kwenda zilizotengwa na za kurudi kupitia Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa na Sachang'wan, na kwa yaliyotokea huko ni haki kabisa. Lakini zikiishia Mau Summit, ndipo ukungu unapoanza: Timboroa, Burnt Forest, malori ya Uganda yakipanda kwa gia ya kwanza, na mstari mmoja wa rangi katikati ya lami ukitenganisha anayekwenda na anayekuja. Laiti ningeulizwa pa kuanzia, ningesema Timboroa.